Kumbi za Shule Zisifungwe Jioni

Katika mtaa wetu hapa Kigali kuna shule ya sekondari yenye ukumbi wa michezo. Una sakafu ya saruji, paa la mabati, wavu wa voliboli na taa nane. Kila siku wanafunzi wakishatoka, mlinzi huufunga kwa kufuli, na taa zile haziwashwi. Wanafunzi wenzangu na wahadhiri wetu, huo ni ubadhirifu, na sisi tumeuzoea mpaka tunauona ni utaratibu.

Hebu tuangalie saa. Tangu Januari 2023, kazi za ofisini nchini Rwanda humalizika saa kumi na moja jioni, na masomo ya shuleni pia. Sisi tuko karibu na Ikweta, kwa hiyo jua huzama mnamo saa kumi na mbili mwaka mzima. Mtu akitoka kazini na kupanda basi, hufika nyumbani giza linaingia. Uwanja usio na taa utamsaidia nini? Penye paa na mwanga mtaani kwetu ni pale shuleni tu, na pamefungwa. Panapobaki wazi ni baa na vibanda vya kubashiri mechi. Kisha wazee wanalalamika kwamba vijana wamepotoka!

Sikatai kwamba nchi yetu inathamini michezo. Mjini Kigali barabara kadhaa hufungwa Jumapili mbili kwa mwezi ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Mwaka 2019 ulifunguliwa ukumbi mkubwa wenye viti 10,000, nao naujivunia. Lakini kukaa kitini ukitazama si kucheza, na Jumapili mbili si mwezi.

Dada yangu alicheza voliboli katika ukumbi ule wa shule kwa miaka sita. Alipomaliza sekondari, mchezo wake nao ukaishia hapo. Alikwenda na wenzake kuomba jioni mbili tu kwa wiki. Wakajibiwa: "Hii ni shule, si mali ya mtaa." Leo mpira wake uko chini ya kitanda, umeisha upepo.

Jibu lile lilimuuma mama kuliko sisi sote. Yeye alibeba mawe ya msingi wa shule ile katika umuganda, ile kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Madarasa mengi ya nchi hii yamejengwa kwa mikono ya namna hiyo. Siku ya kubeba mawe tuliitwa wenye shule. Siku ya kucheza tumekuwa wageni.

Walimu wakuu wana hoja zao, nami sizidharau. Wanasema umeme ni ghali. Kweli, lakini sote tunatumia mita za kulipia kabla. Ukumbi uwekewe mita yake, na wanaocheza wanunue umeme wao. Wanasema vitu vitaharibiwa au kuibwa. Basi kila timu iandikishwe kwa kiongozi wa mudugudu, iwe na msimamizi anayesaini daftari akichukua na kurudisha ufunguo, na itoe amana. Mali bila daftari hupotea bila habari, lakini daftari tunaweza kulinunua. Wanasema wanafunzi wa bweni watasumbuliwa. Hoja hii ndiyo nzito zaidi, kwa sababu usalama wa watoto hauna mbadala. Pale penye bweni, wageni wapite mlango wa pembeni na watoke kabla ya saa mbili na nusu usiku. Mlango huo usipokuwapo, nakubali shule hiyo isubiri. Ila shule ya kutwa, ambayo jioni haina mtoto hata mmoja, isubiri nini?

Wengi wetu tunaosoma Kiswahili tutakuwa walimu, na baadhi yetu walimu wakuu. Siku hiyo funguo zitakuwa mifukoni mwetu, na vijana watabisha hodi wakiomba jioni mbili kwa wiki. Itakuwa rahisi sana kuwajibu kama dada yangu alivyojibiwa. Tuanze leo kuzoea jibu jingine: karibuni, sainini hapa.