SOMO LA SANAA SIYO KUIMBIA WAGENI

Ndugu wanakijiji,

Tunaulizana siku hizi: shule ikifundisha sanaa vizuri tutaijuaje? Wengine wanasema kwa kwaya, maana mgeni akija watoto wanaimba na mgeni anafurahi. Sisi tunasema hapana. Wale ni watoto wachache waliochaguliwa. Wengine wote wamesimama juani wanatazama. Somo zuri ni la watoto wote.

Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni, alisikitika kwamba wengi walijua rumba kuliko ngoma za kwao. Machi 1967 akatoa Elimu ya Kujitegemea, akitaka shule iwe sehemu ya kijiji. Na mitaala iliyoanza kutumika Januari 2024 imeweka Sanaa na Michezo kuwa somo katika shule za msingi. Basi ruhusa ipo. Kilichobaki ni sisi.

Tutazame hapa hapa Mwanga. Kina mama wa Usangi ni wafinyanzi wa vyungu. Washana wa Ugweno walifua chuma, na kazi yao ilifika hadi Uchaggani kabla ya mkoloni. Hakuna mfinyanzi aliyefundishwa kwa kuandikiwa ubaoni kwamba chungu ni chombo cha udongo. Alipewa udongo wenyewe. Akaponda, akatoa mawe, akafinyanga, akaanika, akachoma. Kikipasuka motoni bibi yake alimwonyesha sababu: udongo una mawe, au chungu hakijakauka. Akaanza upya. Hiyo ndiyo elimu bora ya sanaa: mtoto anafanya kwa mikono yake, yuko na mtu anayejua, ana muda wa kurudia, na kazi inapimwa kwa matumizi. Chungu kinachovuja hakidanganyi mtu.

Wapo wazazi wanaouliza, na mtihani je? Hoja hiyo hatuidharau. Lakini mtoto anayepima udongo na maji yuko kwenye hesabu, na akiuliza kwa nini chungu kimepasuka yuko kwenye sayansi. Wengi wetu tulipata herufi ukubwani, katika madarasa ya watu wazima, na tunajua uchungu wa kuchelewa. Mkono nao ukichelewa huwa mzito. Mtoto anahitaji vyote viwili.

Jamani, wanaojua kazi hizi ni wazee. Ndoo za plastiki na sufuria zimepunguza wanunuzi, na mabinti hawakai tena kujifunza. Bibi akiondoka, ujuzi unakwenda naye. Ndiyo maana hatuwezi kungoja.

Tunapendekeza mkutano mkuu uamue hivi:

1. Kamati ya shule imwalike mfinyanzi mmoja na mhunzi mmoja, nusu siku kila wiki, na mwalimu wa darasa akae nao ajifunze.

2. Ushirika uwalipe posho. Fundi asiitwe bure kwa sababu hana cheti.

3. Wazazi tuchange udongo, kuni na makaa.

4. Mwisho wa muhula vyungu vya watoto viletwe hapa ofisini, tuvijaze maji mbele ya wote. Visivyovuja vipewe sifa, vinavyovuja virudiwe.

Mwenye hoja tofauti asinung'unike njiani, aje mkutanoni aseme.

Uhuru na Kazi.

Katibu wa Chama, Tawi la Kijiji