Ada ya gari hotelini: uliza mapema

Umeendesha gari kutoka Nairobi hadi Mombasa, takriban kilomita 480, ukalipia chumba na chakula cha jamaa yako. Siku ya kuondoka, bili ina ada ya kuegesha gari. Je, ni haki?

Mjini nafasi ni haba, na aliyekuja kwa garimoshi hana sababu ya kumlipia mwenye gari. Ada yenyewe si dhambi. Kuificha ndiko kubaya. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 inakataza kumtoza mteja ada ambayo hakujulishwa kabla.

Basi ukiuliza bei ya chumba, uliza na ya gari. Usipoambiwa kisha utozwe, usione haya, mwite meneja. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema mgeni aviziwe akiaga.