Mfunge Mtoto Mkanda, Ndipo Utawakali



Sisi mafundi cherehani na wafanyabiashara wa Kahama na Geita tuna neno. Januari mnatuletea watoto tuwapime sare, na bega likishuka nusu inchi mnatugombeza. Lakini gari linalombeba mtoto huyohuyo alfajiri hamlikagui. Kiti cha watatu wamekaa watano, wadogo wamepakatwa, mkanda hakuna.

Na huku kwetu mkanda si kitu kigeni. Baba anayefanya kazi mgodini, gari la kazi haliondoki mpaka wafunge wote, hata wa nyuma. Dhahabu ina ulinzi, baba ana mkanda, mtoto anarushwarushwa kwenye vumbi. Kwa nini?

Hatujasahau Karatu, tarehe 6 Mei 2017. Basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni likiwapeleka watoto kwenye mtihani wa majaribio. Walifariki wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walionusurika ni watatu tu, wakapelekwa Marekani kutibiwa. Hatusemi mkanda ungewaokoa wote. Tunasema gari likipinduka, asiyefungwa hurushwa, akagonga wenzake au akatoka dirishani.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilimkaba dereva na abiria wa mbele. Mtoto wa kiti cha nyuma ikamwacha. Wanasheria wanawake wa TAWLA wamepiga kelele miaka mingi irekebishwe. Tuwaunge mkono.

Mtatuambia ajali ni kadari. Naam, ni kadari. Lakini Mtume (S.A.W.) alimfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo amtegemee Allah. Kumwachia Mungu kazi uliyopewa wewe si tawakkul, ni uzembe.

Mtasema nauli ya shule itapanda. Ipande! Sisi ndio tunaowashonea sare za kitchen party na sendoff, tunajua mkoba wa mama unavyofunguka akitaka.

Kabla ya kulipia gari muhula ujao, uliza: kila mtoto ana kiti chake? Kila kiti kina mkanda? Yupo matroni wa kuwafunga na kuwafungua wadogo? Jibu likiwa hapana, usilipe kwanza. Wachukue wenzako kumi mwende kwa mwalimu mkuu. Mama mmoja ataambiwa amhamishe mwanawe, kumi watasikilizwa.

Na nyinyi mabibi harusi watarajiwa, msiseme hayawahusu. Zoeeni kuuliza sasa, kabla hamjawa na wa kumpandisha.