Wati nyingi za bluu, za kazi gani?

Haya jamani, leo nina la kusema na huenda nikawaudhi baadhi yenu. Tangu nianze kusimulia mradi wangu wa projekta ya leza hapa kisiwani, watu wananiandikia, na karibu wote wanauliza swali lile lile: "Diodi yako ya bluu ni ya wati ngapi?" Hakuna aliyeuliza nukta yake ina umbo gani ukutani. Hakuna aliyeuliza inafifia vipi. Ni wati, wati, wati, kama watu wanaochagua spika za matatu.

Kwa wageni: hii si projekta ya filamu. Ni miale mitatu ya leza, mwekundu, wa kijani na wa bluu, inayounganishwa kuwa mmoja, halafu vioo viwili vidogo vinavyotikisika kwa kasi vinauelekeza mwale huo ukutani. Unachora haraka kiasi kwamba jicho linaona picha imetulia. Lengo langu ni dogo: harusi ya binamu yangu hapa Wasini, majina ya bwana na bibi harusi yatokee kwenye ukuta mweupe, wageni wamekaa mikekani.

Na mimi pia niliingia mtegoni. Niliagiza diodi ya nanomita 450, miliwati 1600, nikajiona mjanja. Ilipofika na kuwashwa, majina kwa nyekundu na kijani yalitoka mistari myembamba safi. Bluu? Kama mtu ameandika kwa kipande cha kaa! Diodi kubwa za namna hii ni za modi nyingi. Mdomo wake unaotoa mwanga ni mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili, kwa hiyo ukitupa mwale wake mita kumi unapata kijiti, si nukta. Kuna lenzi za silinda za kupunguza ugonjwa huo, lakini zinapunguza tu, na mwale mnene haukai vizuri juu ya vioo vidogo.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapa ndipo ubishi wangu ulipo. Jicho la binadamu si mita ya wati. Wati moja ya kijani ya nanomita 520 inaonekana kung'aa karibu mara 18 kuliko wati moja ya bluu ya nanomita 450. Wengi wakisikia hivyo wanaruka: basi tuongeze bluu mara 18! Hapana, ndugu zangu. Ukitaka weupe, bluu haiji kung'arisha, inakuja kutia rangi tu. Nilichukua majedwali ya CIE ya mwaka 1931, nikaandika programu fupi ya kutafuta weupe wa kawaida wa skrini ya kompyuta kwa nyekundu ya 638, kijani ya 520 na bluu ya 450. Jibu: kwa miliwati 200 za nyekundu na 140 za kijani, bluu inayotakiwa ni miliwati 80 hivi. Themanini! Bluu ndiyo inayohitajika kidogo kuliko zote tatu.

Mbona basi masanduku yanayouzwa yamejaa bluu? Kwa sababu wati ya bluu ni rahisi kwa bei. Muuzaji anajumlisha rangi zote, anaandika namba moja kubwa ubavuni, na sisi tunalipa.

Na kwa sisi waandika programu kuna jambo baya zaidi. Programu yangu inatoa ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Ukiwa na diodi ya miliwati 1600 na unahitaji 80 tu, unatumia ngazi 13 hivi za chini, zilizobaki ni pambo. Tena huko chini ndiko diodi inakosa utulivu, kwa sababu leza haiwaki mpaka mkondo wa umeme uvuke kiwango fulani. Herufi ikififia, haififii, inaruka ngazi kama mtu mlevi. Diodi ya modi moja ya miliwati 80 (Osram wanayo PLT5 450B) inakupa ngazi zote, na nukta yake ni nukta.

Nadhani ulevi huu wa wati una historia. Mwaka 2006 PlayStation 3 ilitoka na leza ya nanomita 405 ndani yake, na mafundi wa nyumbani wakaanza kuwinda diodi za namna hiyo. Zambarau ile jicho haliioni vizuri, ila kanzu iliyofuliwa kwa sabuni ya unga inawaka kama taa :-) Kisha 2010 Casio wakaleta projekta za XJ-A, kila moja na diodi 24 za bluu za karibu wati moja. Watu walinunua projekta nzima wakaibomoa wapate diodi tu. Enzi hizo ilikuwa haki yao kushangilia, bluu ya bei nafuu haikuwapo. Leo tunashangilia nini?

Nisingepiga kelele hivi kama ni suala la mistari minene peke yake. Usiku mmoja nikiijaribu ile kubwa, kishikio kililegea, mwale ukapita juu ya ukuta ukatoka baharini, upande wa Shimoni. Asubuhi mzee mmoja mvuvi akaniita gatini. "Shikamoo, babu." "Marahaba. Mwanangu, jana usiku taa gani ile? Nilikuwa narudi na ngalawa, macho yakajaa bluu, mwamba sikuuona tena." Sikuwa na la kujibu ila kuomba radhi.

Elewa vizuri: jicho linaona bluu hafifu, lakini nishati inayofika ndani ya jicho ni ile ile. Kitu kinaonekana kipole kumbe kinachoma. Hata miliwati 80 zinatosha kuharibu jicho, usiambiwe na mtu eti ni mchezo. Lakini 1600 zinakunyima nafasi ya kukosea, na hapa kila mtu ana mtu wake majini usiku. Ninyi wa Ukunda mna ndege zinazotua Diani, msielekeze kitu hiki angani kabisa.

Kwa hiyo nimeing'oa. Mpya ni ya miliwati 80, ukuta uko juu ya vichwa vya wageni, nyuma yake kuna nyumba, na nimeweka sakiti inayozima leza zote vioo vikisimama. Ile kubwa iko kwenye mkebe wa kahawa. Kama kuna fundi anayetaka kuchonga maandishi kwenye mbao, hiyo ndiyo kazi yake, aje na miwani ya leza tuelewane bei.