Wenye ulemavu wasisahauliwe siku ya maafa

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo lililonikaa moyoni tangu mafuriko yaliyotupata wananchi wa Rufiji mwezi Aprili 2024.

Usiku ule maji yalipoingia kijijini kwetu, mimi ndiye niliyegonga kengele ya shule. Mwenyekiti wa kitongoji alizunguka na kipaza sauti akiwahimiza watu wakimbilie mwinukoni. Tuliamini kwamba kila mtu amepata habari. Asubuhi tulimkuta fundi viatu wetu, ambaye ni kiziwi, amekaa juu ya mwembe. Yeye aliamshwa na maji yalipofika kwenye mkeka wake. Kijiji kizima kinamfahamu bwana huyo, lakini usiku ule hakuna aliyekumbuka kwamba kengele haimfai kitu. Hata mimi sikukumbuka.

Siku ya pili mwanafunzi wangu wa darasa la nne alivushwa kwa mtumbwi, na magongo yake yakaachwa ili gunia la mpunga lipate nafasi. Kambini alitambaa kwa majuma matatu. Choo kilikuwa mbali, tena cha kupanda ngazi.

Simlaumu mtu. Waliotuvusha walifanya kazi kubwa na wengine walihatarisha maisha yao. Ninachosema ni kwamba hatukuwa na mpango, na pasipo mpango huokolewa kwanza yule anayeweza kukimbia na kupiga kelele.

Ndugu Mhariri, sheria tunazo. Ipo Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na ipo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, ambayo kamati zake zinafika mpaka kijijini. Aidha, mwaka 2009 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kifungu chake cha 11 kinataka watu hawa walindwe wakati wa maafa. Wala si watu wachache. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya wananchi wenye umri wa miaka 7 na zaidi wana ulemavu wa aina fulani. Je, ni wenyeviti wangapi wa vitongoji wanaoweza kutaja leo nyumba wanamokaa watu hao?

Maafa hayangoji. Tarehe 3 Desemba 2023, kule Katesh wilayani Hanang', tope lilishuka kutoka mlimani na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Katika hali kama ile hakuna wakati wa kuulizana nani yuko wapi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, kila kitongoji kiwe na daftari la wenye ulemavu, na mbele ya kila jina waandikwe majirani wawili waliokubali kumfuata mtu huyo siku ya hatari. Nasema wawili kwa sababu mmoja anaweza kuwa shambani. Daftari hilo lipitiwe katika mkutano wa kijiji kabla ya masika na kabla ya vuli.

Pili, kamati ya maafa ya kijiji iwe na mjumbe mwenye ulemavu. Fundi viatu wetu angekuwamo, angetuambia mapema kwamba yeye anahitaji mtu wa kumgonga bega.

Tatu, magongo na viti vya magurudumu visihesabiwe kuwa mizigo. Hiyo ni miguu ya mtu, na mtu avushwe pamoja na miguu yake.

Nne, shule zetu, ambazo ndizo kimbilio wakati wa mafuriko, zijengewe njia za mteremko na walau choo kimoja chenye mlango mpana. Halmashauri zikifanya hivyo, mwanafunzi wangu atafaidika kila siku ya masomo, hata mvua isiponyesha.

Njia ya mteremko na choo huenda vikangoja bajeti. Lakini daftari na kalamu havingoji. Viongozi wetu wa vijiji na vitongoji waanze na hilo sasa, wakati jua bado linawaka.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Rufiji, Pwani.