Daftari la Wiki: Maneno Yaliyopanda Bara

Jumanne, nilipokuwa mwaloni Kirumba, nilimsikia mama mmoja muuza dagaa akimlalamikia mwenzake ya kwamba upatu wao umekwenda mrama, nami nilipothubutu kumuuliza mrama ni kitu gani, alinitazama kwa huruma, akasema, "Mrama ni mrama, baba." Asili yake ni mwendo wa chombo kiyumbapo huku na huku kwa kupigwa na mawimbi, na ndiyo sababu wahenga wakanena kuwa manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nililostaajabia ni kwamba mama huyo, aliyelelewa na ziwa wala hajapata kuonja maji ya chumvi, hulitumia neno la majahazi kwa usahihi kamili, ilhali mitumbwi inayumba mbele ya macho yake naye haihusishi kabisa na upatu wake. Waingereza nao, wamwambiapo mlevi kuwa demani tatu zimemponyoka upeponi, wengi wao hudhani zinazotajwa ni matanga yenyewe, kumbe ni zile kamba zishikazo pembe ya chini ya tanga.

*

Mwaka 1875, Stanley alipolizunguka ziwa hili kwa mashua yake Lady Alice, alikuwako huku mfanyabiashara wa pwani aitwaye Songoro, ambaye alikuwa akiunda jahazi Ukerewe. Mwezi Desemba 1877 aliuawa huko huko pamoja na wamisionari wawili wa Kiingereza, katika ugomvi na Mtemi Lukonge. Sisemi kuwa ndiye aliyetuletea istilahi zote za ubaharia, kwani misafara ilikuwa mingi na skuli zikaja baadaye. Lakini mtu hawezi kuunda jahazi kwa kunyamaza, na mafundi wake walilazimika kuambiwa omo ni ipi na tezi ni ipi.

*

Katika kivuko cha Kamanga nilitoa nauli, nikafurahi peke yangu. Neno hilo, ambalo makondakta wa daladala hutudai kutwa kwa ukali, maana yake ya kwanza ni ujira wa chombo cha majini. Waarabu walilipokea kwa Wayunani, ambao kwao lilitokana na jina la merikebu. Basi kivukoni, walau kwa nusu saa, limerudi kwao. Rubani je? Huyo, aliyekuwa mjuzi wa kupitisha vyombo penye miamba, amekwisha kupaa, na sasa hutua kiwanja cha ndege cha Mwanza asijue hata kushika kasia.

*

Ijumaa tulianua matanga kwa jirani yangu wa Nyakato. Kuanua ni kukiondoa kilichotandazwa, na mzee mmoja alitueleza kwa yakini kubwa kuwa zamani wafiwa walitandikiwa matanga ya vyombo wakayalalia. Tukamsikiliza kwa adabu, huku vijana wakikunja turubai la kukodi na mikeka miwili.