Mtumishi Asiyetazama Nyuma

Wako wajuzi wa kompyuta wasemao kwamba cron, yule mtumishi aliyekuwamo katika mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970, hahitaji mrithi. Kazi yake ni kungoja saa iliyotajwa, kisha kuianzisha programu: kunakili alama za wanafunzi, kufuta faili zilizochakaa, na mfano wa hayo. Mwaka 2015 Debian 8 ilimleta systemd, mwenye namna yake ya kupangia kazi saa, nao wakanuna. Zamani, wanasema, mstari mmoja ulitosha. Sasa zatakiwa faili mbili, moja ya kutaja kazi na nyingine ya kutaja saa.

Ni kweli, lakini ni neno dogo. Mstari wenyewe wa cron ni nyota na tarakimu tupu, ambazo mgeni hawezi kuzisoma asipofundishwa.

Neno kubwa ni umeme. Cron hudhani mashine i macho daima. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, kabla ya saa nne, umeme ulikatika karibu Kenya nzima. Tuseme seva ya shule moja kule Molo iliagizwa inakili alama saa nne usiku kila Ijumaa (saa nne hiyo huandikwa 22, maana watumishi wote wawili hawaijui hesabu yetu ya saa). Umeme urudipo, cron hatazami nyuma. Saa imepita, na kazi imepita nayo. Alama zitakaa juma zima bila nakala. Systemd, akiandikiwa Persistent=true, huweka alama ya mara ya mwisho alipoitenda kazi, na mashine iwashwapo huitimiza ile iliyokosekana. Tena huandika katika daftari lake kama kazi ilifaulu au la, ambapo cron hupeleka habari kwa barua isiyofunguliwa na mtu.

Watajibu kwamba anacron yupo. Naam, yupo, lakini huhesabu siku, hahesabu saa. Kazi ya kila saa nne haiwezi.

Kosa moja la systemd silisamehe: neno lile la kukumbuka halifanyi kazi mpaka uliandike mwenyewe. Mwanafunzi wa Njoro apangaye kazi leo mchana, asipoambiwa, hatalijua pengo hilo mpaka usiku taa zizimike.